TANGA LIONEKANE MCHANA

Chombo kipya kinaposhushwa majini katika pwani ya Rumonge hakuna kadi za mwaliko wala tarumbeta. Fundi amekwisha kugonga msumari wa mwisho, kalafati imekauka, na wenye mabega wanaitwa mmoja mmoja watoke kivulini waje kusukuma. Watoto hufika kwanza. Baada yao huja wanawake wachuuzi wa ndagala, na mwishoni wazee ambao kazi yao mahali pale ni moja tu, nayo ni kukosoa. Huyu atasema omo imeinuliwa mno. Yule atapima upana kwa shubiri na kutikisa kichwa. Wa tatu atauliza mbao zimetoka wapi, na kabla hajajibiwa ataanza kueleza mbao za zamani zilivyokuwa. Mwenye chombo husimama kando, amenyamaza, uso wake ukiwa wa mtu anayeozesha binti. Hayo ndiyo maonyesho yetu ya vyombo. Watu wa miji mikuu ya dunia huyafanya ndani ya majumba makubwa yenye taa na zulia. Sisi huyafanya mchangani, na hatuoni kwamba tumepungukiwa kitu.

Lakini liko jambo ambalo kila askari aliyepata kupangiwa zamu katika pwani hii analijua, hata kama hajapata kulitamka. Akitokea yeye na sare yake, sauti hupungua. Mzee aliyekuwa akisimulia hukata maneno. Mwenye chombo huangalia chini. Hakuna aliyetenda kosa, na askari mwenyewe pengine amekuja kutazama tu kama mtu yeyote apendaye kuona kitu kipya. Hata hivyo furaha ya watu imekwisha kukunjwa kama tanga wakati wa dhoruba.

Tahariri hii tunawaandikia ninyi, ndugu askari wa jeshi na wa polisi, hususan ninyi mlindao ziwa na miji iliyo kandokando yake, kutoka Bujumbura hadi Nyanza-Lac. Tunataka kusema juu ya vyombo vya tanga: kwa nini pwani ya Burundi inavihitaji tena, kwa nini baadhi yenu mnavitilia shaka, na kwa nini dawa ya shaka hiyo ni kuvionyesha hadharani, mchana, mbele ya macho yenu wenyewe.

Tuanze na mafuta, maana hapo ndipo kiatu kinapobana. Burundi haina kisima cha petroli wala haina bahari. Kila tone linalochomwa na mashine ya boti limesafiri mbali mno kabla ya kufika Rumonge. Nchi jirani zilipotufungia mipaka tarehe 31 Julai 1996, na vikwazo vile vikadumu hadi Januari 1999, wavuvi walijifunza kwamba mashine isiyo na mafuta ni uzito tu uliofungwa nyuma ya chombo. Somo hilo limerudi katika uhaba wa miaka ya karibuni, tangu 2021, ambapo foleni za magari katika vituo vya mafuta zimekuwa jambo la kawaida. Mwenye gari husimama foleni. Mwenye boti je, atapanga foleni na nini? Hubeba dumu lake begani, na akilipata lile dumu hulipa bei ambayo samaki wa usiku mmoja hawawezi kuirudisha.

Ilhali upepo unavuma bure. Pwani ya Burundi katika ziwa hili ina urefu wa kilomita zipatazo 160, na sehemu yetu ya maji ni kama asilimia 8 ya ziwa zima. Ni sehemu ndogo kwa kulinganisha na Tanzania na Kongo, lakini upepo haukugawanywa kwa asilimia.

Wapo watakaosema kwamba kurudi kwenye tanga ni kurudi nyuma. Tunawaomba wakumbuke kwamba katika ziwa hili palikuwa na wakati ambapo tanga ndilo lilikuwa jambo jipya, na watu wakubwa walilitafuta wasilipate. Waingereza Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858 walitamani mno kupata jahazi. Waliambiwa kwamba liko moja, mali ya Sheikh Hamed bin Sulayyim aliyekuwa Kasenge, ng'ambo ya ziwa. Speke akavuka kwa mtumbwi wa gogo kwenda kuliomba, akarudi mikono mitupu. Ikawabidi waende Uvira kwa mitumbwi ya makasia, wakipita sehemu ya pwani hii hii, wakilowa mvua na kubishana na wapiga makasia. Miaka 18 baadaye, mwaka 1876, Stanley alilizunguka ziwa lote kwa siku 51 katika mashua yake ya Lady Alice, iliyoundwa Uingereza vipande vipande na kubebwa na wapagazi kutoka pwani ya Bahari ya Hindi. Tunawataja wazungu hao kwa kuwa wao ndio walioandika. Wapagazi waliobeba vile vipande, na mabaharia waliozijua pepo za Ujiji kabla ya Speke kuzaliwa, hawakuandika, ila kazi yao ndiyo iliyoelea.

Kisha alikuja Edward Hore, baharia kwa kazi yake, aliyetumwa na chama cha wamisionari cha London, akafika Ujiji mwaka 1878. Chombo chake kidogo cha tanga kilichoitwa Calabash kilimwezesha kuzijua pwani za ziwa kuliko mgeni yeyote aliyemtangulia. Meli ya moshi ya wamisionari, Good News, ilishushwa majini mwaka 1885. Kuanzia hapo moshi ulianza kulisukuma tanga pembeni.

Vita ndivyo vilivyomaliza kazi hiyo, na hapa wasomaji wetu wanajeshi watatuwia radhi tukikumbusha kisa wanachokijua. Mwaka 1914 Wajerumani ndio waliolitawala ziwa. Waingereza wakaleta mashua mbili ndogo za mashine, Mimi na Toutou, zilizosafirishwa kwa meli, kwa reli na kwa kukokotwa msituni hadi upande wa Kongo. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 ikazamishwa Hedwig von Wissmann. Ile kubwa, Graf von Götzen, Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na Kigoma mwezi Julai 1916, baada ya kuzipaka mashine zake grisi nyingi ili zisiharibike. Hesabu yao haikuwa mbaya: iliinuliwa mwaka 1924, ikaanza kazi tena mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Tangu siku zile yeyote mwenye bunduki katika ziwa hili ameamini mashine, na kwa haki. Doria haiwezi kungoja upepo. Hatuombi doria ingoje. Tunachosema ni kwamba mahitaji ya mlinzi si mahitaji ya mchukuzi, na kosa letu la miaka mingi limekuwa kumpimia mchukuzi kwa kipimo cha mlinzi.

Na tuutazame upepo wenyewe, maana tanga lisilojua upepo ni kitambaa tu. Katika ziwa la Tanganyika pepo ni za namna mbili. Upo upepo wa kila siku, unaotokana na jua na milima. Mchana nchi kavu hupata joto, hewa ikapanda, na upepo ukaja kutoka ziwani. Usiku milima ile mikali iliyo nyuma ya Rumonge hupoa, na upepo ukateremka kutoka nchi kavu kwenda majini. Mvuvi wa tanga atokaye jioni husukumwa na milima. Akitaka kurudi alfajiri na samaki wake, milima ile ile humsukuma asirudi, hata jua lipande na upepo ugeuke. Mukeke mbichi haungoji jua. Kwa hiyo anayewaambia wavuvi wa usiku kwamba tanga litachukua nafasi yote ya mashine anawadanganya, nasi hatumo katika udanganyifu huo.

Upo pia upepo wa majira. Kuanzia Mei hadi Septemba, katika kiangazi, upepo wa kusini huvuma kwa nguvu kwa urefu wa ziwa, na pwani yetu imelala takriban sawa na njia yake. Maana yake nini? Maana yake ni kwamba chombo kikitoka Nyanza-Lac kwenda Rumonge, na kutoka Rumonge kwenda Bujumbura, kina upepo mgongoni. Sasa jiulize Rumonge hupeleka nini Bujumbura. Hupeleka mawese, maana huu ndio mji wa michikichi. Hupeleka ndagala waliokaushwa, hupeleka mbao na matunda. Mawese hayaozi njiani kwa kuchelewa saa sita. Dumu la mawese halina haja ya kuchoma dumu la petroli ili lifike sokoni. Kurudi kusini ni kazi nyingine. Hapo nahodha itambidi abishe, aende joshi, au angoje upepo wa mchana karibu na pwani, chombo kikiwa kitupu au na mzigo mwepesi. Mashine ndogo ya akiba haitakuwa aibu. Mafuta ya safari moja yakitosha safari nne au tano, hiyo ni faida ambayo mke wa nahodha ataihesabu bila kalamu.

Na ile barabara ya kilomita zipatazo 75 kati ya Bujumbura na Rumonge, tukumbuke, imepita katikati ya mlima na maji. Mwezi Machi 2015 maporomoko ya udongo ya Gitaza yaliifunga. Mafuriko na kupanda kwa ziwa katika miaka iliyofuata kumeila mara kwa mara, na kumefukuza watu katika nyumba zao za pwani, Gatumba na hata Rumonge. Barabara ikikatika, njia inayobaki ni ile ambayo haijapata kukatika tangu dunia iumbwe.

Ipo kazi kwa mafundi wetu. Vyombo vingi vya pwani hii vimeundwa kwa makasia na mashine: vina tumbo bapa, havina mkuku wa kutosha. Ukikitwika mlingoti chombo cha namna hiyo, upepo ukikipiga ubavuni kitateleza upande kama sahani juu ya meza iliyolowa. Chahitaji mkuku mrefu zaidi, au ubao wa ubavuni unaoshushwa majini na kuinuliwa kinapofika mchangani. Chahitaji mataruma yenye nguvu mahali mlingoti unapokaa, foramali isiyo nzito, na shikio linaloshuka chini vya kutosha. Haya si mambo ya chuo kikuu. Ni mambo ambayo fundi wa Rumonge akiyaona mara moja katika chombo cha mwenzake wa Kirando au wa Kigoma, wiki ya pili atakuwa anayafanya, na wiki ya tatu atakuwa anadai kwamba yeye ndiye aliyeyaanzisha. Lakini ni lazima ayaone. Ndiyo maana tunasema maonyesho.

Sasa tuje kwenye shaka yenu, ndugu askari, maana hatutaki kuipuuza.

Kiswahili kina namna yake ya kutukumbusha. Matanga ni ya chombo, na matanga ni ya msiba. Neno ni moja. Pwani ya Rumonge inayajua yote mawili. Tarehe 29 Aprili 1972 mashambulizi yalianza hapa Rumonge na Nyanza-Lac, na watu wengi wakauawa. Kilichofuata kilikuwa kikubwa zaidi: mauaji yaliyofanywa nchini kote na vyombo vya dola vya wakati ule, yaliyochukua roho za maelfu kwa maelfu. Waliookoka katika pwani hii wengi waliokolewa na mtumbwi. Walivuka, wakaishi ugenini miongo mitatu na zaidi, na waliporudi walikuta michikichi yao ina wenyewe wengine. Katika vita vilivyoanza mwaka 1993, uvuvi wa usiku ulizuiwa kwa vipindi kwa sababu za usalama, na familia zilizoishi kwa taa za ndagala zikakaa gizani. Mwezi Mei 2015 makumi ya maelfu walijazana katika kijiji cha Kagunga, ng'ambo kidogo ya mpaka wa Tanzania, kipindupindu kikawaingia, na Liemba ile ile ya Wajerumani ikawa inawachukua mamia kwa mamia kwenda Kigoma.

Hatuyasemi haya ili kufukua makaburi. Tunayasema kwa sababu askari kijana aliyezaliwa Gitega au Ngozi na kuletwa pwani hushangaa kwa nini mzee wa Rumonge humkatia maneno. Mzee huyo hakuanza leo. Aliwahi kuona chombo kikiwa njia pekee ya kuishi, na aliwahi kuona sare ikiwa sababu ya kupanda chombo. Na askari naye amefundishwa, tena kwa mifano ya kweli, kwamba adui alipata kuja kwa maji. Basi wawili hao husimama juu ya mchanga mmoja, kila mmoja ameshika nusu ya kisa.

Mlinzi husema: mashine naisikia kutoka mbali, lakini tanga ni kimya, litanifikia usiku nisijue. Hoja hiyo ina uzito, nasi tunaijibu kwa hoja. Kasia nalo ni kimya, na magendo ya miaka yote yamepita kwa kasia bila kungoja tanga. Tanga ni polepole. Boti ya doria hulifikia kabla nahodha hajamaliza kulitua. Isitoshe, hakuna kitu kinachoonekana mbali juu ya maji kama tanga. Nambari iliyochorwa ubavuni mwa boti hufichwa na wimbi na hufutwa na matope. Nambari iliyochorwa kwa rangi nyeusi juu ya tanga huonekana kwa darubini kutoka kituoni bila kuchoma tone la mafuta. Vyombo vya mashindano duniani kote hubeba nambari zao juu ya matanga kwa sababu hiyo hiyo. Kwa usiku, amri moja yatosha: taa nyeupe juu ya mlingoti. Anayeizima ndiye wa kumfuata. Wengine waacheni walale wakielea.

Tena kuna jambo ambalo halimo katika kitabu cha doria. Chombo kinachojulikana mchana hakiogopwi usiku. Askari aliyekiona chombo kikiundwa, aliyemwuliza fundi jina lake, aliyecheka na watoto siku kiliposhushwa, akikikuta saa nane ya usiku nje ya Minago hatahitaji kufyatua risasi hewani ili ajue ni cha nani. Atajua kwa umbo la omo. Atamwita nahodha kwa jina. Huo ndio upelelezi wa kale kuliko wote, na haununuliwi na fedha za kigeni.

Wenzetu wa pwani ya bahari wametuonyesha jinsi jambo hili linavyofanyika. Lamu hufanya mashindano ya majahazi katika sikukuu zake, na mji mzima hushuka gatini. Anayeshinda hutembea kwa majivuno mwaka mzima, na anayeshindwa hulaumu upepo. Unguja, tamasha la nchi za jahazi lililoanza mwaka 1998 limekuwa likileta filamu na muziki, lakini ngalawa zikitweka matanga mbele ya Forodhani hata waliokuja kwa filamu hugeuka kutazama maji. Na mwaka 2018 pale Lamu kulishushwa chombo ambacho wazee wengi waliapa kwamba hakitaelea: Flipflopi, dau lenye urefu wa mita 9, lililoundwa na fundi Ali Skanda na wenzake kwa takataka za plastiki zilizookotwa pwani, ubavu wake ukiwa umevikwa vipande vya kandambili za rangi zote. Mwanzoni mwa 2019 lilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar. Mwaka 2021 likachukuliwa bara, likatwekwa tanga katika ziwa Victoria, likapita nchi zote tatu za ziwa lile. Kila lilipotia nanga watu walikuja kulishika kwa mikono, kuona kama kweli ni plastiki. Walikuja kwa mzaha wakabaki kwa maswali: mkuku umeungwaje, misumari imeshikaje, lina uzito gani. Ukiona vyaelea vimeundwa, nao walitaka kujua vimeundwaje. Jambo linalotuvutia sisi ni kwamba chombo kimoja, kwa sababu tu kilikuwa kipya na cha tanga, kilivuka mipaka mitatu kikipokewa kama mgeni wa harusi. Kama ziwa Victoria liliweza, ziwa Tanganyika lenye nchi nne na Mamlaka yake ya pamoja iliyotokana na mkataba wa mwaka 2003, tena yenye makao hapa Bujumbura, lina udhuru gani?

Basi tunapendekeza hivi. Rumonge iwe na siku ya maonyesho ya vyombo, vya tanga kwanza, na vya kasia na mashine kando yake. Siku hiyo isichaguliwe na ofisi kwa kutazama kalenda ya ukutani. Ichaguliwe na mwezi. Kila mtu wa pwani anajua kwamba ndagala huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, na mbalamwezi ikikamilika taa haina kazi. Vyombo hupandishwa mchangani, nyavu hushonwa, na wanaume hukaa bila la kufanya ila ubishi. Hizo ndizo siku za maonyesho. Zikiangukia kiangazi, upepo wa kusini utakuwepo kuonyesha kila tanga thamani yake. Jirani zetu wa Tanzania walipofunga uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wapate kuzaliana, miezi iliyofungwa ilikuwa ndiyo miezi ya upepo mzuri. Mvuvi aliyekatazwa wavu katika majira kama hayo anaweza kupewa tanga abebe mzigo.

Na askari wawe wapi siku hiyo? Wasiwe ukingoni na bunduki zimening'inia kana kwamba wanalinda watu wasiibe ziwa. Wawe ndani ya shughuli. Askari wa majini waje na boti yao wafungue mashine yake mbele ya vijana, waeleze jaketi la kuokolea maisha huvaliwaje, waonyeshe chombo kilichozidishwa mzigo kinavyolala. Mwezi Desemba 2014 meli ya Mutambala ilizama upande wa Kongo wa ziwa hili, wakafa watu zaidi ya mia. Hayo yaelezwe kwa sauti, maana baharia husikia vizuri anapokuwa nchi kavu. Polisi waje na rangi na brashi, waandike nambari juu ya tanga papo hapo, bila malipo ya pembeni. Na yafanyike mashindano: kikosi kimoja cha askari katika chombo kimoja cha tanga dhidi ya wavuvi wa Rumonge, wa Karonda na wa Minago. Tunatabiri kwamba askari watashindwa vibaya. Washindwe. Watu wakiwacheka askari wao mchana kweupe, na askari wakacheka pamoja nao, faida yake hatujui kuipima kwa kilo.

Hatuwezi kuyasema haya tukaficha yale yanayojulikana. Tumepata kuona, katika kituo ambacho hatutakitaja, vyombo vilivyokamatwa vikiwa vimelazwa juani mwaka hadi mwaka, mbao zimepasuka, majani yameota ndani yake, na wenyewe hawajaambiwa kosa lao liliishia wapi. Chombo cha mbao kikikaa juani miezi sita kimekwisha kuhukumiwa, hata kama hakimu hajafungua jalada. Kama kuna kosa, lifike mahakamani upesi. Kama hakuna, chombo kirudi majini kingali chombo. Na vile vidogo vidogo vinavyoombwa kandokando ya maji, samaki wawili wa mboga, lita moja ya mawese ya afande, ninyi wenyewe mnajua si mboga. Nahodha huvihesabu katika gharama ya safari kama anavyohesabu mafuta. Tukimwambia aache petroli atumie upepo, kisha akute upepo nao una malipo yake njiani, tutakuwa tumemdhihaki.

Pasipo kulegeza mahali pa kukaza. Mbao zikaguliwe. Mlingoti mrefu ulionyooka hutamaniwa, na msitu wa Kigwena uko karibu mno. Ni kipande kidogo kilichobaki cha msitu wa asili wa nchi tambarare ya ziwa, na mti mmoja ukikatwa pale haurudishwi na maonyesho kumi. Fundi aulizwe mbao zimetoka wapi, kama yule mzee anavyouliza, na safari hii jibu lingojewe. Nyavu zenye matundu madogo yasiyoruhusiwa haziwi halali kwa kuwekwa chini ya tanga zuri. Na abiria wasio na hati hawageuki mizigo kwa kufunikwa turubai.

Yote haya hayahitaji wizara mpya. Yahitaji mkuu mmoja wa kituo mwenye moyo wa kuwaita wazee wa mwalo, awape viti, awaulize mbalamwezi ijayo ni lini na nani kati ya mafundi anaweza kumaliza chombo kabla yake. Wazee wataanza kwa kunyamaza. Hiyo tumekwisha kuieleza. Asiinuke. Baadaye mmoja wao atasema kwamba vijana wa siku hizi hawajui kukata tanga, mwingine atampinga, na hapo kikao kitakuwa kimeanza. Na siku chombo kikiwa tayari mchangani, fundi akiita wenye mabega watoke kivulini waje kusukuma, askari nao wana mabega.